Mezani siku ya Mei 9: jibu kwa binti aliyeuliza juu ya Warusi na vita yao

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kwetu ni Arusha, nasoma udaktari Saint Petersburg, mwaka wa tatu. Mei 9, siku Warusi wanapoadhimisha ushindi wao dhidi ya Hitler, mama wa rafiki yangu alinialika chakula. Mezani waliweka picha ya babu yake akiwa na sare ya jeshi, na maua pembeni. Katika maongezi nikauliza kama ni kweli Urusi na Hitler waligawana Poland kabla hawajapigana wenyewe kwa wenyewe, maana nilisoma hivyo. Meza nzima ikanyamaza. Mama akasema taratibu, "Babu yangu hakugawana kitu na Hitler," akainuka akaenda jikoni. Je, nilikosea? Nani anasema kweli? Na kwa nini vita hii moja ni kubwa kwao kuliko mambo yote?

Jibu: Marahaba, binti yangu.

Nianze na lililo jepesi. Ulichouliza ni kweli. Agosti 23, 1939, waziri wa mambo ya nje wa Umoja wa Kisovieti (dola ya wakati ule iliyotawaliwa kutoka Moscow, Urusi ikiwa sehemu yake kubwa), Vyacheslav Molotov, na mwenzake wa Ujerumani, Joachim von Ribbentrop, walitia saini mkataba wa kutoshambuliana mjini Moscow. Mkataba ulitangazwa magazetini. Itifaki ya siri iliyoambatana nao haikutangazwa, na ndiyo iliyochora mstari wa nani achukue wapi katika Ulaya ya Mashariki. Septemba 1 Ujerumani ikaivamia Poland kutoka magharibi. Septemba 17 Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, likaingia kutoka mashariki. Novemba ikawa zamu ya Finland, na kufikia Agosti 1940 Estonia, Latvia na Lithuania zilikuwa zimekwisha kumezwa.

Mama aliyekukaribisha naye alisema kweli. Babu yake hakugawana kitu na Hitler. Mwaka 1939 huenda alikuwa kijana wa shamba la ushirika ambaye hakuulizwa lolote kuhusu Poland. Juni 22, 1941, alfajiri, nchi yake ikavamiwa, akaitwa, akaenda. Wewe uliuliza habari ya serikali, yeye akasikia umemtaja babu. Kwa nini akasikia hivyo ndilo swali lako la tatu, na hilo linataka subira.

Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27 katika vita ile. Jumlisha watu wote wa Tanganyika, Kenya na Uganda za miaka ya 1940, hawafiki idadi hiyo. Zaidi ya nusu ya waliokufa hawakuwa wanajeshi. Wanazi hawakwenda mashariki kwa nia waliyoingia nayo Ufaransa. Mipango yao iliandika wazi kwamba mamilioni ya watu wa huko wafe njaa ili chakula chao kiende Ujerumani, na watakaobaki wawe watumwa. Wayahudi walipigwa risasi pembeni ya mashimo. Babyn Yar, nje ya Kyiv, waliuawa zaidi ya 33,000 kwa siku mbili za Septemba 1941. Wanajeshi wa Kisovieti waliotekwa, zaidi ya milioni tatu walikufa mikononi mwa Wajerumani, wengi kwa njaa na baridi nyuma ya seng'enge. Belarus ilipoteza takriban mtu mmoja katika kila wanne.

Na mji unaosoma wewe ndio uliozingirwa kuanzia Septemba 8, 1941 hadi Januari 27, 1944. Siku 872. Kati ya Novemba 20 na Desemba 25 ya mwaka ule wa kwanza, mgawo wa mtoto, mzee na mfanyakazi wa ofisini ulishuka hadi gramu 125 za mkate kwa siku, na mkate wenyewe umechanganywa na vitu visivyo unga. Raia waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 800,000 na milioni moja.

Mimi nilisoma hapo mji ulipokuwa bado unaitwa Leningrad, katikati ya miaka ya 1980. Kulikuwa na bibi mmoja wa zamu mlangoni pa hosteli yetu. Akila mkate, mkono mmoja huukinga chini ya kidevu, kisha makombo huyakusanya kiganjani na kuyatia kinywani. Siku moja nilitupa kipande kilichokauka. Hakunigombeza. Alikiokota, akakipangusa, akakitia mfukoni mwa koti lake. Baadaye wenzangu waliniambia kwamba mwaka 1941 alikuwa na miaka tisa, na kwamba kati ya watu sita wa nyumba yao alibaki yeye na dada yake. Tangu siku ile, binti yangu, sijaweza kutupa mkate.

Kwa hiyo ukimwona Mrusi anajivunia vita ile, usifikirie kwanza gwaride na makombora yanayopita Uwanja Mwekundu. Kwa watu wengi ile ni fahari ya mfiwa. Ni nadra kukuta ukoo ambao haukupoteza mtu, na kwa familia nyingi hakuna hata kaburi la kwenda kulipalilia, kuna karatasi tu iliyoandikwa "amepotea bila habari."

Lakini fahari hiyo imepitia mikono mingi kabla ya kukufikia wewe mezani, na mikono mingine haikuwa safi. Wengi wanadhani Mei 9 imesherehekewa vile vile tangu mwaka wa ushindi. Sivyo. Stalin mwenyewe, aliyeitawala nchi wakati wa vita, aliirudisha kuwa siku ya kazi kuanzia 1948. Nchi ilikuwa imejaa vilema na wajane, na majemadari walikuwa wamepata umaarufu uliomtia wasiwasi. Mateka waliorudi kutoka kambi za Wajerumani walihojiwa kama wasaliti, na wengi walipelekwa kwenye kambi za kwao. Hata Leningrad, jumba la makumbusho lililojengwa na watu wa mji kuhifadhi kumbukumbu za kuzingirwa lilifungwa mwaka 1949, likafunguliwa tena miaka arobaini baadaye. Idadi ya wafu nayo ilifichwa. Mwaka 1946 Stalin alitaja milioni saba. Khrushchev, aliyetawala baada yake, mwaka 1961 akasema milioni ishirini. Ilibidi Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Kisovieti, afike, mwaka 1990, ndipo serikali ikakiri karibu milioni 27. Hapo utaona jambo ambalo mabishano ya leo hulifunika: watu wa kwanza kunyimwa ukweli wa vita ile walikuwa ni wale wale walioipigana.

Brezhnev, aliyeshika nchi baada ya Khrushchev, ndiye aliyeirudisha Mei 9 kuwa sikukuu, mwaka 1965, na mwaka 1967 akawasha mwenge wa Kaburi la Askari Asiyejulikana kando ya ukuta wa Kremlin. Imani ya Ukomunisti ilikuwa inapoa, na ushindi ukashika nafasi yake. Kisha miaka ya 1990 dola ikavunjika, akiba za watu zikayeyuka, mainjinia na walimu wakawa wanauza vyombo vya nyumbani barabarani. Kila kilichofundishwa shuleni kiligeuka kuwa aibu au uongo. Lenin alibishaniwa, mapinduzi yakabishaniwa, na sikukuu ya Novemba 7 ikafutwa ilipofika 2005. Ushindi dhidi ya Hitler ukabaki kuwa kitu pekee ambacho bibi Mkomunisti, mjukuu mfanyabiashara na padri wa mtaa wote wangeweza kukisimamia bila kugombana. Nchi iliyobaki na kitu kimoja cha kujivunia hukishika kwa mikono miwili.

Hata lile andamano la watu kubeba picha za babu zao, linaloitwa Kikosi cha Wasiokufa, lilianzishwa na waandishi wa habari wa mji wa Tomsk, Siberia, mwaka 2012, kwa sababu waliona sherehe za serikali zimemsahau mtu wa kawaida. Miaka mitatu baadaye Rais Putin alikuwa mstari wa mbele Moscow, na picha ya baba yake mkononi. Yeye pia ni mtoto wa Leningrad. Kaka yake alikufa wakati wa kuzingirwa, kabla Putin hajazaliwa. Msiba wake siutilii shaka. Lakini msiba wa watu ukishashikwa na dola, dola hujificha nyuma yake, na atakayeiuliza dola swali ataambiwa amewatukana wafu. Ndicho kilichokukuta.

Kwetu, kabla maiti haijaondoka, msemaji wa familia husimama akatangaza: kama kuna anayemdai marehemu, aje tuonane. Deni halikanwi, na wala mdai hafungui daftari lake pale kaburini, anaelekezwa nyumbani. Natumia desturi hiyo kupima ugomvi huu, maana wadai wapo na madeni ni ya kweli.

Mpoland anadai mwaka 1939, na zaidi ya hapo anadai mauaji ya Katyn, yaliyopewa jina la msitu mmoja wa Urusi. Machi 5, 1940 Stalin na wenzake wa ngazi ya juu walitia saini uamuzi wa kuwaua mateka wa Kipoland: maofisa wa jeshi, polisi, madaktari, walimu. Watu wapatao 22,000 walipigwa risasi, wengi kisogoni. Wajerumani walipoyafukua makaburi mwaka 1943, Moscow ikasema wauaji ni Wajerumani, ikashikilia uongo huo kwa karibu miaka hamsini. Gorbachev alikiri Aprili 1990, Yeltsin, rais wa Urusi, akatoa nyaraka zenyewe 1992, na Novemba 2010 bunge la Urusi, Duma, likatamka kwamba amri ilitoka kwa Stalin. Zingatia hilo. Deni lilitambuliwa na wadeni wenyewe.

Na hapa nikuguse nyumbani. Umesema kwenu ni Arusha. Umewahi kwenda Tengeru kwenye makaburi ya Wapoland? Wale hawakuwa walowezi. Walikuwa wanawake na watoto waliong'olewa mashariki mwa Poland na askari wa Stalin mwaka 1940 na 1941, wakapakiwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Hitler alipoivamia Urusi, Stalin akahitaji washirika, akawafungulia. Wakateremka Iran, na kutoka huko Waingereza wakawasambaza Afrika. Tengeru peke yake iliwapokea takriban 5,000, na wengine walikwenda Masindi na Koja, Uganda. Makaburi yao yapo hadi leo chini ya Mlima Meru. Hivyo ulipouliza habari za 1939 hukuwa unarudia maneno ya watu wa mbali. Ushahidi mmojawapo umelala wilaya ya jirani na kwenu.

Waestonia, Walatvia na Walithuania wanadai zaidi, kwa kuwa kwao vita haikuisha 1945. Juni 14, 1941, wiki moja tu kabla ya Hitler kuvamia, makumi ya maelfu ya watu wao walikamatwa usiku na kupelekwa Siberia. Wajerumani wakaja na mauaji yao, wakiwaua karibu Wayahudi wote wa nchi hizo, na mikono ya wenyeji ilishiriki, jambo ambalo nchi hizo nazo zimechelewa kulikabili. Kisha Jeshi Jekundu likarudi, likakaa. Askari wa mwisho wa Urusi waliondoka Estonia na Latvia Agosti 1994. Mrusi anasema tuliwakomboa. Mwestonia anasema mlibadilisha mlinzi wa gereza. Tallinn, Aprili 2007, serikali ilipoihamisha sanamu ya askari wa shaba kutoka katikati ya mji kwenda makaburi ya jeshi, mji uliwaka ghasia siku mbili na mtu mmoja akafa.

Sehemu kubwa ya mabishano haya, ukiyachunguza, imefichwa ndani ya kalenda. Warusi wanaiita Vita Kuu ya Kizalendo, na inaanza Juni 22, 1941. Ukianzia hapo, hadithi ni moja tu: tulivamiwa, tukafa, tukashinda, tukaikomboa Ulaya. Ile miezi 22 kabla yake haimo. Anayeanzia Septemba 1939 anaona mwizi mwenza aliyegeukwa na mwenzake. Tarehe zote mbili ni za kweli, ila hakuna anayeweza kuielewa vita hiyo akiwa ameshika moja.

Utetezi wa Warusi nao una uzito, nisiupite. Septemba 1938, Munich, Uingereza na Ufaransa zilimkatia Hitler kipande cha Czechoslovakia bila Wacheki wenyewe kuwapo mezani, na Poland ikajichukulia sehemu yake. Kiangazi cha 1939 mazungumzo ya Moscow na Waingereza na Wafaransa yalikwenda kwa kusuasua hadi yakafa. Stalin, wanasema, alinunua muda. Mimi naukubali utetezi huo mpaka mahali fulani. Unaeleza kwa nini mtu angetia saini mkataba wa kutoshambuliana. Hauelezi Katyn, hauelezi mabehewa ya Siberia, wala hauelezi nafaka na mafuta yaliyoendelea kupelekwa Ujerumani hadi usiku wa kuvamiwa. Na muda ulionunuliwa ulitumiwa vibaya mno: jeshi lilikuwa limepoteza maofisa wake bora kwa kuuawa na Stalin 1937 na 1938, na maonyo ya uvamizi aliyapuuza. Waliolipa ni akina babu wa yule mama.

Nikueleze jinsi nilivyoliona hili kwa macho. Mwaka 1986 mwalimu wetu alitufundisha kwamba itifaki ya siri ni karatasi ya kughushi iliyotengenezwa Magharibi. Desemba 24, 1989, baada ya tume ya Alexander Yakovlev kutoa taarifa yake, Baraza la Manaibu wa Watu, bunge la Kisovieti, likakiri kwamba itifaki ilikuwapo, likailaani. Muhula uliofuata mwalimu yule yule aliingia darasani, akasimama muda mrefu bila kufungua kitabu, kisha akasema: "Niliwafundisha uongo. Nami nilifundishwa hivyo. Tuanze upya." Nimewajua walimu wengi maishani, yule ndiye niliyemheshimu kuliko wote, naye ni Mrusi, na baba yake aliuawa vitani.

Usije basi ukadhani kwamba kuna Warusi upande huu na ukweli upande ule. Jumuiya ya Memorial, iliyokusanya majina ya waliouawa na kufungwa na dola ya Stalin, ni ya Warusi. Mahakama iliamuru ivunjwe Desemba 2021. Mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kuna pia kisa cha askari 28 wa Panfilov. Kila mtoto wa Kisovieti alifundishwa kwamba Novemba 1941, kwenye kituo kidogo cha reli cha Dubosekovo karibu na Moscow, askari 28 walivizuia vifaru vya Wajerumani, wakafa wote. Mwaka 1948 waendesha mashtaka wa jeshi walichunguza, wakakuta kisa hicho kilitungwa gazetini, na kwamba kadhaa ya wale mashujaa waliokufa walikuwa hai. Ripoti ikafungiwa. Mwaka 2015 mkurugenzi wa hifadhi kuu ya nyaraka ya taifa, Sergei Mironenko, aliiweka hadharani. Waziri wa utamaduni alimjia juu, na mwaka uliofuata Mironenko hakuwa tena kwenye kiti hicho. Kinachoniuma ni kwamba katika uchunguzi ule kamanda wa kikosi alieleza kuwa waliokufa pale katika kombania ile moja ya askari walikuwa zaidi ya mia. Mapigano yalikuwapo, ushujaa ulikuwapo, tena wengi wao walitoka Kazakhstan na Kirgizia. Hadithi ya kutunga iliwachukua 28 ikawaacha wenzao bila jina.

Hilo la Kazakhstan linanipeleka kwenye kosa jingine, la kuita ushindi ule wa Warusi. Bendera juu ya bunge la Berlin inahusishwa na Mrusi Yegorov na Mgeorgia Kantaria, wakiwa pamoja na Mukraine Berest. Mamilioni ya Waukraine walivaa sare ya Jeshi Jekundu. Wachechenia na Watatari wa Crimea walikuwa vitani wakati mwaka 1944 familia zao zinapakiwa kwenye mabehewa kwa madai kwamba taifa zima limesaliti.

Hivyo Februari 24, 2022, Putin aliposema anatuma jeshi Ukraine ili kuondoa Unazi, alichukua neno zito kuliko yote katika lugha ya Kirusi na kuwaelekezea warithi wenza wa ushindi ule ule. Ukraine ina hesabu zake, nazo si ndogo: wapo wazalendo wao walioshirikiana na Wajerumani, na waliowachinja Wapoland wa Volhynia, eneo lililo magharibi mwa Ukraine, mwaka 1943, na leo wapo wanaowajengea sanamu. Lakini rais wa Ukraine ni Myahudi ambaye babu yake alipigana katika Jeshi Jekundu. Na mwezi uliofuata, Kharkiv, kombora la Urusi lilimuua mzee Boris Romanchenko wa miaka 96, aliyekuwa amenusurika katika kambi nne za Wanazi, Buchenwald ikiwamo. Sijui mtu awezaye kuyatetea hayo kwa jina la mashujaa wa 1945, na mimi sitajaribu.

Sasa, je, ulikosea? Swali halikuwa kosa. Ulikosea mahali na siku. Ulidai deni kaburini. Jingine ni la usalama wako, na hapa nakusihi kama mzazi. Tangu 2014 sheria ya jinai ya Urusi inaadhibu kile inachokiita kuutukuza upya Unazi, na humo imo kueneza habari zinazoitwa za uongo kuhusu mwenendo wa Umoja wa Kisovieti vitani, kifungo kimo. Katiba, tangu marekebisho ya 2020, inasema dola hulinda ukweli wa historia, na tangu 2021 ni marufuku kuifananisha hadharani dola ya Stalin na ya Hitler. Wewe ni mgeni mwenye viza ya masomo. Soma upendavyo, uliza watu unaowaamini, lakini haya usiyaandike mitandaoni ukiwa huko.

Kwa yule mama, rudi. Mwombe msamaha kwa kumwumiza siku ile, na mwambie unataka kusikia habari za babu yake: alizaliwa wapi, aliitwa lini, alirudi au hakurudi. Usikilize mpaka amalize, hata ikichukua jioni mbili. Kisha umwambie habari za Tengeru, za watoto waliolelewa chini ya mlima wa kwenu kwa sababu ya mwaka 1940. Mwambie kama habari ya watoto, usiifanye kesi. Atakavyoipokea ni juu yake.

Na umwombe mwende wote Piskaryovskoye, makaburi yaliyo kaskazini mwa mji. Humo wamelala karibu nusu milioni, katika matuta marefu ya nyasi. Mawe yake hayana majina. Yana mwaka tu, 1942 ukijirudia tuta baada ya tuta, na alama ya nyota kwa askari au nyundo na mundu kwa raia. Nunua maua mekundu njiani, na uyahesabu kabla hujalipa: ya walio hai Warusi hutoa idadi witiri, ya wafu hutoa shufwa.